Kuacha sigara mjini: chagua njia kwa kuangalia kinachokurudisha

Kijana anayevuta sigara mjini hahitaji tena kuambiwa kwamba sigara inaua. Pakiti yenyewe inamwambia, mara nyingi kwa picha ya kutisha. Shida yake ni nyingine: ameshaacha mara kadhaa. Alikaa siku tatu, au wiki mbili, halafu Ijumaa jioni mtu akawasha pembeni yake, na kufika Jumatatu akajikuta ananunua mwenyewe. Sasa anasikia kuna mabandiko ya nikotini, chingamu, vidonge, vepu (sigara za kielektroniki) na programu za simu, na yupo rafiki anayeapa kwamba hayo yote ni kupoteza muda, dawa ni kukata tu. Amsikilize nani?

Hapa nimezilinganisha njia sita. Bingwa wa wote hayupo, kwa sababu watu wawili wanaovuta idadi ileile ya sigara wanaweza kushindwa kuacha kwa sababu mbili tofauti kabisa, na njia inayomkwamua mmoja isimguse mwenzake hata kidogo. Kwa hiyo tuanze na vikwazo, ndipo twende kwenye njia.

Kinachokurudisha ni nini hasa?

*Mwili.* Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Baada ya hapo kiwango chake kwenye damu hushuka kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na mvutaji wa kila siku huanza kuhangaika. Hiyo ndiyo arosto: hasira za bure, umakini kupotea, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo kali zaidi, na kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Ukitaka kujua mwili wako umeshikwa kiasi gani, usihesabu sigara tu, angalia saa. Muda kati ya kuamka na sigara ya kwanza ni mojawapo ya maswali mazito kwenye kipimo cha Fagerström, ambacho wataalamu hukitumia kupima uraibu wa nikotini. Anayewasha ndani ya dakika 5 ameshikwa sana. Anayefika mchana bila kukumbuka sigara ana tatizo la aina nyingine.

*Watu na mahali.* Chukua mapumziko ya kazini. Watu wanne wamesimama nyuma ya jengo, kiberiti cha gesi kinapita mkono kwa mkono, na katika dakika hizo chache ndipo unaposikia nani anaacha kazi, bosi kaamkaje, na nafasi gani itatangazwa wiki ijayo. Aliyeacha sigara amebaki mezani na kompyuta yake. Amekosa nikotini, na amekosa kikao pia. Usiku wa kutoka ni hivyohivyo: pombe inalegeza msimamo, muziki uko juu, na sehemu pekee ya kuongea bila kupiga kelele ni nje wanakovutia. Tena pale sigara inapouzwa moja moja, kurudi hakuhitaji hata uamuzi wa kununua pakiti. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji huo, lakini mijini kwingi bado unaendelea.

*Kichwa.* Kauli inayowafunga vijana wengi kuliko arosto yenyewe ni hii: "Mimi si mvutaji, navuta nikitoka tu." Uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Hesabu ya "moja tu" haishuki kama watu wanavyodhani. Ya pili ni kwamba sigara inatuliza mawazo. Inatuliza kweli, kwa dakika chache, ile arosto iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Jarida hilohilo mwaka 2014 lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26, na walioacha walionekana kuwa na wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo pungufu kuliko walioendelea. Ya tatu ni uzito, na hapa tusidanganyane: wanaoacha huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Kwa anayejali mwonekano wake hiyo si hoja ya kipuuzi, na kumcheka hakumsaidii kuacha.

*Siri.* Wengi wanavuta bila wazazi kujua, na hawajioni kama wagonjwa. Kumwambia kijana wa miaka 22 asiyeumwa popote kwamba aende kliniki, saa za kazi, akakae foleni na wazee wanaokohoa, ni kumpa ushauri ambao hataufuata.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: kikwazo kipi inakigusa, ushahidi unasema nini, kero na hatari zake, urahisi wa kuipata na kuitumia bila watu kujua, na inamfaa nani. Namba moja ya kushika kabla hatujaanza: kwa mujibu wa WHO, kati ya majaribio ya kuacha bila msaada wowote, takribani asilimia 4 tu ndiyo hufanikiwa. Aliyeshindwa peke yake hana haja ya kujiona dhaifu kuliko wenzake.

1. Kukata ghafla, bila dawa

*Inagusa nini.* Uamuzi. Unapanga siku, unatupa pakiti, kiberiti na kibakuli cha majivu, na kuanzia asubuhi hiyo huvuti hata pafu moja. Mwili unaachwa upambane wenyewe.

*Ushahidi.* Ndiyo njia inayojaribiwa na watu wengi zaidi, kwa hiyo pia kila mtu anamjua mmoja aliyefaulu nayo. Ile asilimia 4 inaihusu hasa hii. Lakini kukata kwa siku moja kuna nguvu yake kukipewa msaada, kama tutakavyoona kwenye njia ya pili.

*Kero na hatari.* Arosto inakuja yote kwa mpigo. Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka zaidi, kwa hiyo ukiacha, kahawa ileile uliyozoea inakaa mwilini muda mrefu. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa, na mtu anadhani ni arosto inayomuua kumbe ni vikombe vyake vinne. Vipunguze hadi nusu wiki hiyo ya kwanza.

*Kuipata na siri.* Hakuna cha kununua wala cha kuficha.

*Inamfaa nani.* Asiyevuta kila siku, asiye na haraka ya sigara asubuhi, na yule ambaye tabia yake ni kuwa mtu wa yote au hapana. Anayewasha kabla hajanawa uso, nisingemshauri aanze na hii peke yake.

2. Kupunguza kidogo kidogo

*Inagusa nini.* Hofu ya kuacha. Badala ya kuruka, unashuka ngazi: unaongeza nafasi kati ya sigara na sigara, au unazikata kwanza zile za kuvutia mazoea tu, huku umeshapanga siku ya mwisho.

*Ushahidi.* Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa watu 697 makundi mawili: wa kupunguza kwa wiki 2 kisha kuacha, na wa kukata siku moja. Wote walipewa ushauri na nikotini mbadala. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya waliokata ghafla walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Baada ya miezi 6 ilikuwa 22 kwa 15.5. Tafiti nyingine zikijumlishwa, pengo kati ya njia hizi mbili linakuwa dogo mno. Kwa hiyo kupunguza si njia ya waoga, ila inadai nidhamu ya kalenda.

*Kero na hatari.* Sigara zikipungua kila iliyobaki inakuwa tamu zaidi, na watu huivuta kwa nguvu, pafu ndefu, mpaka kwenye kichungi. Namba inashuka na nikotini haishuki sana. Hatari kubwa kuliko hiyo ni kupunguza kusiko na tarehe. Mtu anatoka sigara 15 hadi 6, anajipongeza, anakaa hapo miaka. Na miaka ndiyo yenye thamani: utafiti uliofanywa juu ya madaktari wa Uingereza ulioanza mwaka 1951, ukiongozwa na Richard Doll na Austin Bradford Hill, uliwafuatilia kwa nusu karne na kuonyesha kwamba mvutaji wa maisha yote hupoteza takribani miaka 10 ya kuishi, na aliyeacha akiwa na miaka 30 aliikwepa karibu hasara yote.

*Kuipata na siri.* Kama ya kwanza, hakuna gharama wala dalili.

*Inamfaa nani.* Anayeshindwa hata kufikiria siku nzima bila sigara, na aliyekata ghafla mara nyingi akarudi ndani ya siku mbili. Masharti ni tarehe iliyoandikwa na mtu mmoja anayeijua.

3. Nikotini mbadala: bandiko, chingamu, pipi

*Inagusa nini.* Mwili. Unaendelea kupata nikotini, lakini polepole na bila moshi, na moshi ndio unaoleta sehemu kubwa ya saratani na maradhi ya mapafu. Bandiko linatoa kiwango kilekile siku nzima kupitia ngozi. Chingamu na pipi za kumung'unya ni za kuzima hamu inapopanda ghafla.

*Ushahidi.* Mkubwa na wa miaka mingi. Aina yoyote ya hizi huongeza nafasi ya kuacha kwa takribani asilimia 50 hadi 60, na kuchanganya bandiko na kimojawapo cha vile vya haraka hufanya vizuri kuliko kutumia kimoja pekee. WHO iliiweka nikotini mbadala kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

*Kero na hatari.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyingi ya lawama za "nilitumia haikunisaidia" zinatokana na matumizi. Chingamu ya nikotini haitafunwi kama chingamu. Unaitafuna polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili ulimini, unaacha, unaibana kati ya shavu na ufizi mpaka ukali upotee, ndipo unaitafuna tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Nikotini inaingia kupitia ngozi laini ya mdomo. Ukiitafuna mfululizo inamezwa na mate, tumbo linachafuka, kwikwi inaanza, na hamu ya sigara iko palepale. Kahawa, soda na juisi huubadilisha mdomo kiasi kwamba nikotini haipenyi vizuri, kwa hiyo viache dakika 15 kabla. Kuna ya miligramu 2 na ya 4. Ya 4 ni ya anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka.

Bandiko nalo lina makosa yake. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na la miligramu 21, kisha hushuka hadi 14 na 7 katika wiki 8 hadi 12. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14. Wengi hulivua wiki ya tatu wakijiona wamepona, na wiki ya nne wanavuta. Ngozi ikiwasha, badilisha sehemu kila siku. Ndoto zikiwa kali mno, livue unapolala.

*Kuipata na siri.* Nchi nyingi huziuza duka la dawa bila cheti cha daktari, ingawa si kila duka linaziweka na bei inaweza kukatisha tamaa pale sigara moja moja inapopatikana kirahisi. Kwa siri, bandiko linashinda: linakaa chini ya nguo na hakuna anayeliona.

*Inamfaa nani.* Anayevuta kila siku, hasa mwenye haraka ya asubuhi. Kwa mvutaji wa wikendi bandiko la siku nzima ni kumpa mwili nikotini usiyoiomba; chingamu moja mfukoni usiku wa kutoka ina mantiki zaidi.

4. Vidonge

*Inagusa nini.* Mwili na raha. Vareniklini hukaa kwenye vipokezi vya nikotini vya ubongo, inapunguza arosto na papo hapo inaifanya sigara isikoleze. Sitisini, inayotokana na mmea na iliyokuwa ikitumika Bulgaria tangu miaka ya 1960, inafanya kazi kwa njia inayofanana. Matibabu yake ya kawaida huchukua siku 25. Bupropioni ni dawa ya sonona ambayo pia hupunguza hamu.

*Ushahidi.* Vareniklini ni miongoni mwa zenye nguvu zaidi tulizonazo, takribani mara mbili ya kidonge kisicho na dawa. Mwongozo wa WHO wa Julai 2024 unazitaja zote tatu pamoja na nikotini mbadala.

*Kero na hatari.* Vareniklini huleta kichefuchefu, kinachopungua ukiimeza baada ya kula na maji mengi, na ndoto za ajabu. Pombe inaweza kukukamata haraka kuliko ulivyozoea, jambo la kuzingatia kabla ya usiku wa kutoka. Zamani iliogopwa kwamba inavuruga akili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliohusisha zaidi ya watu 8,000 wakiwamo wenye historia ya maradhi ya akili, haukuona ongezeko la maana, na Marekani ikaondoa onyo lake kali mwaka huohuo. Bupropioni haipewi mwenye kifafa au aliyewahi kuwa na tatizo la ulaji kama kujitapisha, na hukausha mdomo na kufukuza usingizi. Vidonge hivi havipewi walio chini ya miaka 18 kwa ajili ya kuacha sigara, na mjamzito azungumze na daktari kwanza.

*Kuipata na siri.* Hapa ndipo penye ukuta. Mara nyingi ni lazima daktari aandike, na si kila mahali dawa hizi zipo. Vareniklini huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha na huendelea wiki 12, kwa hiyo si njia ya uamuzi wa leo jioni. Ukishaipata, kidonge hakimwambii mtu yeyote kitu.

*Inamfaa nani.* Aliyeshikwa sana, aliyetumia nikotini mbadala ipasavyo akarudi, na aliye tayari kuonana na daktari hata mara moja.

5. Sigara za kielektroniki (vepu)

*Inagusa nini.* Mwili, mkono na kijiwe kwa pamoja, na hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake. Unapata nikotini, una kitu cha kushika, unatoka nje na wenzako, huhitaji kueleza lolote.

*Ushahidi.* Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, watu 886, wote wakipata ushauri: baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa vepu hawakuwa wakivuta sigara, dhidi ya 9.9 ya waliopewa nikotini mbadala. Karibu mara mbili. Msomaji mwaminifu aimalizie namba ya pili ya utafiti huohuo: kati ya waliofaulu, asilimia 80 ya kundi la vepu bado walikuwa wanavuta vepu mwisho wa mwaka, wakati waliobaki kwenye nikotini mbadala walikuwa asilimia 9. WHO haizipendekezi kama njia ya kuacha, na ina wasiwasi mkubwa na vijana wasiowahi kuvuta wanaoanzia huko. Uingereza inazikubali kwa wavutaji watu wazima. Wataalamu hawajaafikiana, na anayekwambia wameafikiana anakuuzia kitu.

*Kero na hatari.* Sigara inaisha, vepu haiishi. Inavutwa kitandani, chooni, mbele ya kompyuta, na mtu aliyekuwa na sigara tano kwa siku anaweza kujikuta anapata nikotini nyingi kuliko mwanzo. Wengine wanavuta vyote viwili, wakapata hasara ya vyote viwili. Vimiminika vya magendo ni hatari ya peke yake: mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la majeraha ya mapafu lililolaza hospitalini watu zaidi ya 2,800, likihusishwa hasa na kemikali iitwayo asetati ya vitamini E kwenye bidhaa za bangi.

*Kuipata na siri.* Inategemea sheria. India ilizipiga marufuku mwaka 2019, Brazili tangu 2009. Kwingine zipo kila kona. Harufu haikai kama ya sigara, ila kifaa na chaja vinaonekana.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima anayevuta kila siku, aliyejaribu nyingine zikamshinda, yuko mahali zinaporuhusiwa, na ameshaandika tarehe ya kuachana na vepu yenyewe. Mvutaji wa mara moja moja hana sababu ya kuigusa.

6. Ushauri, laini za simu na ujumbe mfupi

*Inagusa nini.* Kichwa, watu na mahali. Mshauri anakusaidia kujua sigara zako zinakuja saa ngapi na kwa sababu gani, na unapanga jibu mapema: utasema nini ukipewa, utatokea mlango gani, mikono itashika nini.

*Ushahidi.* Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011 uliwatumia wavutaji ujumbe wa simu wa kuwatia moyo na kuwapa mbinu. Kati ya washiriki 5,800, baada ya miezi 6 asilimia 10.7 ya waliopata ujumbe huo walithibitika kuacha, dhidi ya 4.9 ya wenzao wasioupata. Ushauri ukiunganishwa na dawa, matokeo huwa bora kuliko kimoja peke yake.

*Kero na hatari.* Hakuna madhara ya mwili. Kero ni kwamba programu nyingi za simu ni kihesabu cha siku tu chenye rangi nzuri. Zinakupa medali ukikaa wiki na hazina la kukwambia usiku wa saa sita hamu inapokushika koo. Ya maana ni ile inayokujibu wakati huo, na mtu halisi upande wa pili ni bora zaidi. Hamu moja kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, kwa hiyo mazungumzo mafupi yanatosha kuivuka.

*Kuipata na siri.* Ni rahisi kwa mwenye simu, na huonani na mtu. Zima arifa zisijitokeze kwenye kioo kama unaficha.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu kama nyongeza, na mvutaji wa wikendi kama njia kuu.

Kwa hali yako

*Unawasha kabla ya kupiga mswaki.* Anza na mwili. Bandiko pamoja na chingamu, au vareniklini kama daktari anapatikana, na ushauri juu yake.

*Unavuta ukitoka tu.* Dawa za kila siku hazikuhusu sana. Kata moja kwa moja, jiunge na huduma ya ujumbe, na wiki tatu au nne za mwanzo badilisha usiku wenyewe: mahali pengine, pombe kidogo au hakuna, na rafiki mmoja aliyeambiwa waziwazi asikupe hata ukiomba. Ukiomba ndipo ahadi hiyo inapohitajika.

*Sigara yako ni ya mapumziko ya kazini.* Wiki ya kwanza usitoke nao. Baadaye toka na chingamu mdomoni, ukikaa upande upepo unakotoka. Ukimpata mmoja wa kuacha naye siku moja, shika hiyo nafasi, kwa sababu kikao chenu kitahama bila kuvunjika.

*Unaficha nyumbani.* Bandiko na ujumbe wa simu. Vidonge pia, kama ulionana na daktari.

*Unahofia uzito.* Chingamu na vareniklini vinaweza kuchelewesha ongezeko wakati unavitumia. Usianze mlo mkali wiki hiyohiyo. Njaa na arosto vikija pamoja, sigara ndiyo inayoshinda.

*Una sonona au wasiwasi.* Usisubiri maisha yatulie. Mwone anayekutibu, panga naye, na umwambie umeacha lini, kwa kuwa kuacha kuvuta hubadilisha kiwango cha baadhi ya dawa za akili kwenye damu.

*Unachanganya tumbaku na bangi, au wikendi ni shisha.* Ukiacha sigara na kubakiza hivyo, nikotini haijaondoka. Viingize kwenye tarehe ileile.

*Uliteleza jana usiku.* Usivue bandiko wala kuacha vidonge. Endelea navyo leo. Tupa zilizobaki, kisha andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, na ulikunywa nini. Kama jibu ni "asubuhi, peke yangu," kipimo cha dawa ni kidogo, kiongeze kwa ushauri wa mfamasia. Kama jibu ni "saa tano usiku, nje, na watu walewale," hata bandiko la miligramu 21 halikuwa na la kufanya pale. Panga Ijumaa ijayo upya.